Kamba ya jahazi, hijabu na nyuki: majibu yenu kabla ya safari ya Taita

Haya jamani, tangu tutangaze ile wikendi ya klabu kwenda Taita, Jumamosi kupanda miamba kwa kamba upande wa Wundanyi na Jumapili kupanda mlima Vuria kwa miguu, maswali yamekuwa mengi mpaka simu inaisha chaji. Nimechukua yale yanayorudi rudi sana, ntayajibu moja moja.

Mimi nimefanya kazi ya jahazi miaka mingi, mafundo nayajua na kamba nzuri nnayo nyumbani. Naweza kuja nayo? (Nahodha mstaafu, Mji wa Kale)

Shikamoo ami. Mikono yako njoo nayo, twaihitaji sana, lakini kamba iache nyumbani tafadhali. Kamba ya jahazi kazi yake ni kushika chombo kisende, kwa hivyo haivutiki sana, sasa mtu akianguka nayo ule mshtuko wote unamuingia yeye kiunoni na mgongoni, na pale juu tulipofungia pia panapata kishindo. Kamba yetu ni ya nailoni, ina kiini ndani na ala nje, na mtu akianguka inavutika, viwango vya kimataifa vinairuhusu mpaka asilimia 40, ndo maana unahisi umedakwa na hukukatwa. Aina hii hujaribiwa kwa kuangushiwa uzani wa kilo 80 na lazima ihimili angalau mara 5, na hiyo ni mianguko mikali kuliko yote tutakayoiona sisi. Halafu ya kwako ishakula chumvi na jua miaka, kwa macho huwezi kujua imechoka kiasi gani.

Mafundo sasa. Najua lile la kitanzi mnalofungia mashua, ni fundo zuri na wapandaji wazoefu wanalitumia, ila kamba ikilegea nalo laweza kulegea, na kwa mtu mgeni ni gumu kulikagua. Sisi wote tunafunga fundo la nane, lenye umbo la namba 8, lile la kurudisha kamba ikifuata njia yake yenyewe, kwa sababu hata mtu aliyejifunza asubuhi hiyo hiyo akiliangalia ataona kama lina kasoro. Na hili naomba mnisikize vizuri wote. Siku moja nilikuwa nimeshapitisha kamba kwenye hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani anayofungiwa mpandaji, nimeanza kufunga, mtu akaniita niamue jambo la gari, nikajibu, nikarudi nikasimama mbele ya jiwe nikiwa na uhakika kabisa nimemaliza. Mshikaji kamba wangu, yaani anayebaki chini akiishika kamba ya aliye juu, msichana aliyekuwa na miezi miwili tu kwenye klabu, akaniambia hebu simama kwanza, akanishika hanesi akaliangalia lile fundo, lilikuwa nusu. Kwa macho ya mbali lilionekana zima. Ningefika juu mita 15, ningejiegemeza nyuma ili nishushwe, na kamba ingechomoka. Tangu siku hiyo hakuna anayepanda, awe mwalimu awe mgeni, kabla ya mwenzake kumgusa fundo, kifungo cha hanesi na karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, kwa mkono, na kusema kwa sauti. Ukiona mtu anaona vibaya kumkagua aliyemzidi umri, ami, wewe ndo utakuwa wa kwanza kutuonyesha, ukikubali kukaguliwa na kijana hakuna atakayekataa.

Navaa hijabu na buibui. Kuna nafasi yangu au nitakaa chini nikitazama? (Dada, Majengo)

Nafasi ipo dadangu, na akina dada wenye hijabu wako tayari kwenye klabu. Buibui na dera haviwezekani kwa sababu mikanda ya hanesi hupita mapajani, kwa hivyo vaa suruali pana ya kitambaa laini na shati refu la kufika magotini lenye mpasuo pembeni, hanesi inakaa juu yake vizuri. Hijabu iwe ya kuvaa moja kwa moja, bila pini hata moja, maana juu yake inakuja helmeti na pini ikigongwa inakuingia kichwani. Ncha zote zichomeke ndani ya shati. Hili si la urembo, kitambaa au nywele zinazoning'inia zinaweza kuvutwa ndani ya kile kifaa cha kushikia kamba wakati unashusha mtu, na kuzitoa hapo ni kazi na maumivu. Wa kukufunga hanesi atakuwa dada mwenzako, hilo tushalipanga.

Mombasa ni tambarare, tutafanyia wapi mazoezi? (Kijana, Bamburi)

Ghorofa. Tafuta jengo la ghorofa 5 au 6, omba ruhusa kwa mlinzi, tia maji lita 5 kwenye begi mgongoni, panda ngazi ushuke, panda ushuke, nusu saa mara tatu kwa wiki. Watu wanafikiria kupanda tu lakini mguu unaumizwa na kushuka, misuli ya paja inafanya kazi ya breki huku inavutwa, na ndo ile ya kuamka Jumatatu huwezi kushuka kitandani. Goti likikuuma, panda na maji ukifika juu yamwage, ushuke mwepesi. Kucha za miguu kata fupi siku mbili kabla, la sivyo zitagonga mbele ya kiatu njia nzima ya kuteremka.

Yale mawe ya ufuoni Nyali si tunaweza kujifunzia hapo?

Hapana. Yale ni matumbawe ya kale, yanakata kama wembe, yanamomonyoka mkononi, na maji yakijaa umebanwa huna pa kutokea.

Nyoka tumesikia, je nyuki?

Umeuliza la maana, nyuki mimi nawaogopa kuliko nyoka. Wanapenda nyufa za miamba, kwa hivyo kabla mtu hajagusa jiwe tunakaa tukilitazama dakika 10 kimya, wakionekana wanaingia na kutoka mahali, njia hiyo ya kupandia tunaiacha siku hiyo. Marashi na udi najua wikendi bila hivyo mtu anajihisi hajakamilika lakini Jumamosi hii acheni, harufu kali inawachokoza. Wakija, aliye juu anashushwa papo hapo, wote mnafunika uso na mnakimbia mbali sana bila kupunga mikono. Na kama mwili wako unavimba ukiumwa na nyuki niambie kabla ya safari, usinifiche.

Kwa nini Vuria na si mlima Kasigau, ambao ni mfupi zaidi?

Mfupi kwenye karatasi tu. Vuria ni mita 2,208, ndio mrefu kuliko yote Taita, lakini gari linakufikisha juu juu kule na safari ya miguu inaanzia huko huko milimani. Kasigau ni mita 1,641 ila umesimama peke yake nyikani, ukianza pale Rukanga una karibu mita elfu moja za kupanda, jua kali chini, msitu na utelezi juu. Huo tutaenda baadaye, na mtu wa kijiji wa kutuongoza. Hata hivyo Vuria msije na fulana tupu, kila mita elfu joto linashuka kama digrii 6 na nusu, kwa hivyo Mombasa ikiwa 30 kule ni 16 hivi, na ukungu na upepo juu yake. Sweta na koti la mvua.

Kijana wangu ana miaka 14, tangu asikie hajalala. Nimwachie? (Mama, Kisauni)

Mwachie mama, kwa barua yako ya ruhusa na nambari yako ya simu. Hanesi ya saizi yake ipo, tutampima hapa hapa kabla ya kuondoka. Aje na raba alizozizoea, si mpya, na mwambie kamba siku ya kwanza hatashika peke yake, atakuwa na mtu mzima nyuma yake. Na wewe ukipata nafasi njoo Jumapili, ile ya kutembea haihitaji kamba wala hanesi, tutaondoka alfajiri maana anga likiwa safi Kilimanjaro inaonekana kutoka kule, kabla mawingu hayajaifunika.