Wakili wa dalali si wakili wako

Juzi usiku dada mmoja msomaji wangu kaniandikia. Yeye na mumewe wamepata nyumba Goba, Dar es Salaam, vyumba vitatu, ina hati, muuzaji ana haraka anahamia mkoani. Ujumbe ulikuwa mrefu, lakini mimi nilikwama kwenye mstari mmoja: "Wakili tunaye, dalali katuletea, wala hatumlipi kitu."

Niliweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Maana mimi nami niliwahi kuletewa wakili. Ilikuwa 2019, nyumba Madale, shilingi milioni 48. Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilivyochoka kupanga, kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mama mwenye nyumba anayehesabu ndoo zako za maji. Basi dalali aliponiambia, "Mama, kuna mteja wa Jumatatu ana keshi," mimi nilikuwa nimeshachagua rangi ya mapazia.

Wakili alikuwa na ofisi, mihuri, cheti ukutani. Hakuwa kishoka. Nalisema hili kwa sababu ushauri wa kila mtu ni huohuo: jihadhari na vishoka, tafuta jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Tafuta, ni vizuri. Lakini huyu wa kwangu alikuwa wakili kweli, na nililia vilevile.

Kwenye mkataba kulikuwa na kifungu kwamba muuzaji hana mke. Wakili akakipitia mbiombio, akauliza, "Mzee, ni sahihi?" Mzee akasema sahihi. Muhuri ukagongwa, nikatoa milioni 15 za kwanza. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sebuleni kwa yule mzee palikuwa na picha ya harusi. Niliiona kwa macho yangu! Nikajisemea, masikini, mkewe alishatangulia.

Wiki tatu baadaye "marehemu" akashuka kutoka Morogoro na cheti cha ndoa kwenye bahasha ya kaki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haileti utani hapo: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mauzo yakafa palepale. Mzee hela kashakula, dalali chake kashachukua. Nilipompigia wakili akanijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, mimi niliitwa na upande wa muuzaji." Milioni 9 nimerudishiwa kwa mafungu. Sita zilizobaki, tuache.

Miaka miwili iliyofuata siwasimulii, tumbo litaniuma bure.

Niliporudi sokoni nilirudi na watu wangu. Wakili nilimtafuta mwenyewe, nikamlipa laki sita kutoka mfukoni mwangu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kunikatalia. Hakuna kutoa hata shilingi kabla hajafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, aone jina la mmiliki na kama kuna benki inaishikilia hati. Akataka risiti za kodi ya pango la ardhi. Akataka mke wa muuzaji aje mwenyewe na kitambulisho, asaini ridhaa mbele yake. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata muuzaji kwa kuuza, ambayo ni yake kulipa, akaiandika wazi kwenye mkataba isije ikanirudia mimi wakati wa kuhamisha umiliki.

Mpima ndiye aliyeniokoa Tegeta. Nyumba nzuri, ina bustani, bei inavutia, ila ina karatasi za serikali ya mtaa tu. Akavuta vipimo mpaka ukingo wa mto, akafunga vifaa vyake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, na pale hata 40 hazikufika. Dalali akasema, "Mbona wengine wanaishi?" Nikamwambia hata wa Kimara waliishi, mpaka 2017 barabara ya Morogoro ilipotaka nafasi yake.

Fundi nilikwenda naye Bunju mwezi wa nne, mvua inanyesha. Hakuangalia vigae wala jipsamu. Alifunua mfuniko wa shimo la choo, akapapasa kuta kwa chini kutafuta unyevu.

Leo niko Bunju, hati ina jina langu, na ndiyo, mapazia ni rangi ileile niliyoichagua 2019.

Ndugu zangu, mnaonaje mtu analipia ukumbi milioni tatu kwa usiku mmoja, kisha kwenye nyumba ya maisha yake anatafuta wakili wa bure? Aliyemleta ndiye anayemlisha. Dalali halipwi mpaka uuziwe, na wakili anayeitwa na dalali anataka kuitwa tena kesho. Muulize kila anayekusaidia: mara ya mwisho ulimwambia mteja asinunue lini? Wakili wangu alinitajia mara tatu bila kufikiri.

Haya ndiyo niliyomwandikia yule dada, kwa ufupi zaidi. Akaniuliza huyo wakili wangu anatoza kiasi gani. Nikamtajia. Tiki mbili za bluu zipo pale tangu jana asubuhi, na muuzaji wao, alivyoniambia, anataka hela Ijumaa.