Tairodi endi mpya inacheza? Irudishe dukani

Mkuu, umeuliza kwa nini usukani wa Land Cruiser 79 yako unacheza wakati tairodi endi, ile jointi ya gololi kwenye ncha ya fimbo inayogeuza matairi, ni mpya. Usikimbilie kununua shokapu ya stelingi ya kutuliza mtikisiko wa usukani, hiyo itaficha ugonjwa tu. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake, mtu atikise usukani kushoto na kulia huku wewe umeshika jointi kwa kiganja. Ukisikia inagonga, gololi imelegea ndani ya kikombe chake, na hakuna grisi itakayoiponya.

Ifungue uangalie na koni, ile shingo iliyochongoka inayoingia kwenye tundu la mkono unaogeuza tairi. Ikizama mno kwenye tundu, nati inagota mwisho wa nyuzi kabla haijabana. Hapo umeuziwa saizi isiyo yake. Fundi atakayekwambia ataichomelea kidogo, mnyang'anye spana! Ikichomoka porini, tairi moja linaelekea linakotaka.

Dukani nenda na risiti, boksi na video. Wakikuzungusha na spea ni feki ya chapa inayojulikana, kwa Tanzania nenda FCC, yaani Tume ya Ushindani. Ukifunga nyingine, weka pini mpya ya kuzuia nati isifunguke. Tundu la pini lisipolingana na mkato wa nati, kaza nati mbele kidogo, usiilegeze kurudi nyuma. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi.