Kupima ukwaruzo wa mapanga ya kompresa yaliyotumika

Panga jipya ukilipima sehemu moja au mbili umeshalijua lote. Lililotumika halina nidhamu hiyo. Ukingo wa mbele umechimbwa na mchanga, tumbo (upande uliobonyea) limeshika ganda la vumbi na mafuta, na mgongoni (upande uliobinuka) kuna vishimo vya kutu chini ya chumvi. Ukiandika "Ra 1.8" (Ra ni wastani wa ukwaruzo kutoka mstari wa kati, kwa mikroni) bila kusema umepima wapi, kuelekea upande gani na kwa kichujio kipi, yaani hesabu inayotenganisha ukwaruzo na mawimbi marefu ya uso, hujaandika kitu.

Amua kwanza unachotafuta. Kama ni hasara ambayo hewa ilikuwa ikiipata mtambo ukiwa kazini, pima kabla ya kuosha. Kama ni uharibifu wa chuma chenyewe, osha kwanza. Ukiweza, pima mara zote mbili kwenye pointi zilezile, maana tofauti yake ndiyo inayoonyesha kuosha kunarudisha nini na nini hakirudi tena. Osha kwa kiyeyushi na brashi laini, kausha, vaa glavu safi. Kwa mapanga ya titani epuka viyeyushi vyenye klorini. Usiguse uso kwa msasa hata "kidogo tu". Utakuwa unapima msasa wako.

Ganda laini lina mtego wake. Sindano ya kipimo, hata ile yenye ncha ya mikroni 2 na mgandamizo usiozidi milinewtoni 0.75, inaweza kulima mfereji ndani ya masizi yenye mafuta na kusoma chini ya ukweli. Baada ya kupitisha, tazama kwa lenzi: ukiona mstari uliobaki, tupa usomaji huo na utumie kifaa cha macho. Nacho kina ulemavu wake. Kwenye chuma kinachong'aa na miteremko mikali hukosa data, kisha programu hujaza mapengo kwa miiba ambayo haipo. Angalia asilimia ya pointi halali kabla ya kuamini Rz (kimo kutoka kilele hadi bonde) yoyote.

Kabla ya panga, pima kigezo chenye cheti (kipande ambacho ukwaruzo wake unajulikana), mara tatu. Ukitofautiana nacho kwa zaidi ya asilimia 5, simama ukague ncha. Ncha iliyochakaa haifiki chini ya mabonde, kwa hiyo hukufurahisha kwa namba ndogo. Rudia mwishoni mwa kazi pia.

Mpango wa pointi unaotosha kwa kazi nyingi ni huu: asilimia 10, 50 na 90 ya urefu wa panga kutoka mzizini, na katika kila kimo asilimia 10, 50 na 90 ya upana kutoka ukingo wa mbele, mgongo na tumbo. Hizo ni pointi 18. Pitisha sindano mara tatu kila pointi, ukisogea milimita moja hivi kila mara, uchukue thamani ya katikati badala ya wastani, kwa sababu kishimo kimoja huvuruga wastani. Kama muda ni mfupi, usiuruke mgongo karibu na ukingo wa mbele. Huko tabaka la hewa linalogusa uso bado ni jembamba, na ukwaruzo huumiza zaidi.

Sasa kichujio, ambapo ndipo ripoti nyingi huharibika. Kwa Ra kati ya mikroni 0.1 na 2, kikomo cha kawaida cha kichujio (urefu wa wimbi ambapo ukwaruzo unaishia) ni 0.8 mm, na urefu wa kutathmini ni mara tano yake, yaani 4 mm, ukiacha nafasi ya sindano kuanza na kusimama. Ra ikipita mikroni 2, kikomo hupanda hadi 2.5 mm, na 12.5 mm zinazohitajika huenda zisipatikane kwenye panga dogo. Punguza idadi ya vipande vyenye urefu wa kikomo, vitatu badala ya vitano, uandike hivyo. Usilinganishe kamwe namba ya 0.8 na ya 2.5 kana kwamba ni ndugu.

Mpindo nao haudharauliki. Uso wenye nusu-kipenyo cha mm 50, ukipimwa kwa urefu wa mm 4, hupinda mikroni 40 katikati, wakati ukwaruzo unaoutafuta ni mikroni moja. Ondoa umbo kwa duara au polinomia ya daraja la pili kabla ya kuchuja. Ukipandisha daraja sana, utafuta na ukwaruzo wenyewe. Usitumie kifaa chenye mguu unaoteleza juu ya uso: mguu ukipanda kidonge cha uchafu, kifaa huchora bonde lisilokuwepo.

Pitisha sindano kufuata njia ya hewa, kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Isipokuwa kwenye ukingo wa mbele wenyewe: hapo fuata urefu wa panga, maana ukikatisha kwenye mviringo huo mdogo sindano huteleza. Likaze panga kwenye kibao chenye mfereji wa V.

Pamoja na Ra, andika Rz na Rsk (kipimo cha uso kuegemea vilele au mabonde). Rsk hasi yenye ukubwa wa kutosha huashiria vishimo, chanya huashiria vinundu vilivyoganda. Nyuso mbili zenye Ra sawa lakini Rsk kinyume hazikwamishi hewa kwa kiasi kimoja, ndiyo maana kanuni ya Koch na Smith ya 1976, ya kuzidisha Ra kwa 6.2 kupata ukwaruzo sawia wa mchanga (ukubwa wa chembe za mchanga ambazo zingeikwamisha hewa kiasi hichohicho), ichukuliwe kama makadirio tu.

Panga likiwa bado ndani ya mtambo, chukua chapa ya silikoni ya vipimo: changanya, bandika, subiri ikauke kadiri ya maelekezo, bandua taratibu. Kwenye ganda laini chapa hung'oa uchafu, basi hapo unapata nafasi moja tu. Na kumbuka chapa ni kinyume: vilima vimekuwa mabonde, kwa hiyo geuza alama ya Rsk kabla ya kuiingiza kwenye jedwali.