Mume Mkameruni, shule ya Dodoma inamtaka

Dada, umeuliza kama mumeo anaweza kuanza kufundisha. Cheti cha ndoa hakimpi shemeji ruhusa ya kazi, wala hiyo pasi ya mtegemezi aliyonayo. Asiingie darasani hata kwa "majaribio".

Kwa sheria ya ajira za wageni ya 2015, hiyo shule ya Nkuhungu ndiyo inayoomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi. Kikitoka, anafuata cha ukaazi daraja B (la wageni walioajiriwa), Uhamiaji. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Maombi hukwama kwenye mpango unaotakiwa wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo: wenye shule huandika mistari miwili, basi. Waandike nani atafundishwa, nini, kwa muda gani. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe mapema. Kibali cha kazi hakizidi miezi 24, kinahuishwa.

Uraia kwa ndoa? Sheria inampa nafasi hiyo mke wa Mtanzania, siyo mume. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.