Lori lapakuliwa, mzigo washushwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika ghala linalopokea bidhaa kutoka Mombasa kupitia Uganda. Katika hati za madereva, kitenzi cha Kiingereza "unload" hufuatwa pengine na jina la bidhaa, pengine na gari lenyewe. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunakichukua kuwa sawa na "décharger". Je, tunakosea?
Msomaji wa Birere, Goma

JIBU: Hamkosei, ndugu yetu. Kiingereza hutanguliza "un-" ili kugeuza tendo, kama vile Kiswahili kinavyotoa "pakua" katika "pakia" na "fungua" katika "funga". Kinachowatatiza ni yambwa, yaani kile kinachotendwa, kwa sababu kitenzi hicho hukubali shehena na chombo kilichoibeba. Unga ukitajwa, unga ndio unaoshushwa. Lori likitajwa, lori linabaki mahali pake na kilichomo ndicho kinachotolewa. Kwa hiyo andikeni "kushusha unga" lakini "kupakua lori", kwa maana anayesoma "kushusha lori" anaweza kudhani kwamba lori lenyewe lilikuwa limebebwa. Jambo hilo hutokea kweli bandarini Mombasa, ambako magari nayo ni shehena ya meli, na hapo ni sentensi nzima tu itakayowaonyesha maana iliyokusudiwa.

Madereva wengi wa Afrika Mashariki husema "offload", na katika kazi yenu tofauti ni ndogo mno.

Msilitumie neno hilo, hata hivyo, kwa mama anayefika sokoni na gunia la makala mgongoni. Huyo anatua mzigo, na Mwingereza angetumia kitenzi cha kawaida cha kuweka kitu chini. Nalipenda sana neno letu "kutua", na ninasikitika kuona vijana wakiliacha na kusema "kushusha" kwa kila hali.

Angalieni pia miisho. "Unloading" huonyesha kazi ingali inaendelea, ilhali "unloaded" huonyesha imekwisha; anayetia sahihi penye neno hili la pili kabla ya kuhesabu magunia amekiri kwamba mzigo wote umetoka garini. Nalo neno "unladen", mnaloweza kulikuta kando ya uzito wa gari, linataja uzito wa gari tupu, wala halisemi lolote kuhusu bidhaa mlizopokea.