Fundi Anajibu: Magari ya Fahari ya Kabla ya Vita na Vipuri Vyake Halisi

Barua nyingi za safari hii zina hofu moja. Mtu ameonyeshwa gari la miaka ya 1920 au 1930, linang'aa, bei yake inatisha, na anataka kujua kama ni lenyewe au limeungwaungwa. Nimechagua saba, nyingine nimezifupisha.

Shikamoo fundi. Mjomba wangu anataka kununua Rolls-Royce iliyoko Uingereza. Muuzaji anasema ni Phantom II ya 1930, lakini bodi yake ya wazi ina sura ya zamani zaidi. Tuanzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Marahaba mwanangu. Anzeni chini ya gari. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Rolls-Royce haikuuza gari zima. Iliuza chesisi, yaani fremu pamoja na injini, giaboksi, ekseli na rediata. Mnunuzi aliipeleka kwa waunda bodi kama Barker, Hooper, Park Ward au Thrupp & Maberly, nao wakamjengea bodi kwa kadiri ya mfuko wake. Kwa hiyo bodi inaweza kuwa na umri tofauti na chesisi bila mtu yeyote kudanganya. Wapo matajiri waliohamishia bodi waliyoizoea kwenye chesisi mpya.

Udanganyifu unaingia baadaye. Baada ya vita magari haya yalishuka thamani sana. Mengine yaligeuzwa ya kubebea maiti, mengine ya kuvutia magari mabovu. Yalipoanza kutafutwa tena, soko lilipenda bodi za wazi, basi bodi nyingi nzito zilizofungika zikang'olewa na kutupwa, chesisi ikavishwa bodi mpya iliyochongwa ifanane na ya kale. Gari la namna hiyo linaweza kuwa zuri sana. Muuzaji anapaswa kulisema wazi, na bei ilingane na ukweli huo.

Sasa mjomba ainame nyuma, atazame springi. Phantom I ina springi za kantileva: zimeshikwa katikati kwenye fremu, na ncha ya nyuma ndiyo inayobeba ekseli. Phantom II, iliyotoka 1929, ekseli yake imekaa katikati ya springi na ncha zote mbili zimefungwa kwenye fremu. Kisha aangalie giaboksi. Kwenye Phantom I imetengana na injini, kwenye Phantom II vimeungana. Hayo hayabadilishwi kwa kupaka rangi.

Nambari ya chesisi na nambari ya injini ni mbili tofauti, wala hazitakiwi kufanana. Kinachotakiwa ni zote mbili zilingane na kadi ya kiwandani. Kadi hizo zimehifadhiwa Hunt House, kijijini Paulerspury, Northamptonshire, makao ya Rolls-Royce Enthusiasts' Club. Kadi hutaja mnunuzi wa kwanza, nambari ya injini na aliyeunda bodi. Muuzaji akikasirika mkitaka kuiona, mwacheni na gari lake.

Msitambue mwaka kwa rangi ya herufi RR kwenye rediata. Ni kweli zilikuwa nyekundu zikawa nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini beji hubadilishwa kwa dakika chache. Na ile hadithi kwamba weusi ni maombolezo ya Henry Royce, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, aliyefariki Aprili 1933, haisimami, maana yapo magari yaliyotoka na herufi nyeusi kabla ya msiba huo. Kisanamu cha juu ya rediata kinasaidia kidogo: cha kusimama, kazi ya Charles Sykes, ni cha 1911, na cha kupiga magoti kilianza 1934. Mkikuta cha magoti kwenye gari la 1930, kimewekwa baadaye.

Gari la 1924 linaweza kuwa na krome? (Msomaji, Nairobi)

Likiwa nayo, mtu ameitia baadaye. Krome ya mapambo ilienea kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo ni nikeli, au shaba tupu. Zitazame juani: nikeli ina umanjano wa mbali sana, krome ina ubuluu wa baridi. Macho yakishazoea hayasahau.

Kung'oa krome na kurudisha nikeli ni kazi ndogo ukilinganisha na nyingine zote kwenye gari hili, na inabadilisha sura nzima. Nashangaa watu wanaotumia fedha nyingi kwenye ngozi ya viti wakaacha taa za krome kwenye gari la 1924. Mwambie tu anayechovya asisugue mno kabla ya kutia nikeli. Kingo zikishalainishwa na maandishi yakifutika, hakuna wa kuyarudisha.

Habari fundi. Packard ya 1934 ya bosi wangu hapa Toronto: kabureta imepasuka yenyewe ikiwa kwenye rafu, haijaguswa na mtu. Nimeshauriwa niiunge kwa gundi ya chuma.

Usiiunge, ndugu yangu. Huo ni ugonjwa wa zinki, na umeua vipuri vingi vya zama hizo.

Viwanda vya miaka ya 1920 na 1930 vilisubu vipande vyenye umbo gumu kwa aloi ya zinki, kwa sababu inayeyuka kwa joto dogo na inajaza kalibu hadi pembeni. Kabureta, vitasa vya milango, fremu za saa za dashibodi, nyumba za distribyuta, vyote hivyo. Zinki ikiwa na madini ya risasi hata kidogo, unyevu hula mipaka kati ya chembe za chuma. Kipande huvimba, hujikunja, kisha hupasuka hata kama hakifanyi kazi yoyote. Mwaka 1929 New Jersey Zinc Company ilitoa aloi ya Zamak, iliyotumia zinki safi zaidi, lakini vipuri viliendelea kutengenezwa kwa zinki chafu. Ubovu umo ndani tangu siku kilipomiminwa, ndiyo maana gundi haina la kufanya. Itashika ufa wa leo, kesho utatokea mwingine pembeni yake. Na kabureta inayovuja petroli juu ya injini ya moto ni jambo la kuogopwa.

Kutafuta nyingine ya kale ni bahati nasibu, maana inaweza kuwa na ugonjwa uleule. Ikiwa kuna mtu anayezisubu upya kwa shaba au alumini, nunua. Ikiwa hayupo, isubuni wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua kipande kilichovimba na kukifanya kielelezo. Vipimo vyake vimeshahama! Tena chuma kikipoa ndani ya kalibu hupungua asilimia moja na kitu, kwa hiyo kipya kinatoka na makosa mawili kwa pamoja. Pima upande wa pili: uso wa manifoldi ambao kabureta inakaa juu yake. Huo ni chuma cha kusubu, haujavimba, na nafasi za matundu yake ya bolti ni zilezile za 1934. Chora kutoka hapo, ongeza kiasi cha kupungua, toa kielelezo kwa printa au kwa mbao, kisha sehemu zinazokutana zikerezwe baada ya kusubu.

Mkimaliza, gongeni mwaka wa kazi yenu mahali pasipoonekana. Atakayelifungua gari baada yenu ana haki ya kujua kipi cha kiwanda na kipi chenu.

Nimeona Duesenberg J ya 1929 yenye mabomba manene ya moshi yaliyotoka ubavuni mwa boneti. Ndiyo ile SJ yenye supachaja? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa mwaka huo, haikutoka kiwandani hivyo. Model J ilionyeshwa New York Desemba 1928: injini iliyotengenezwa na Lycoming, silinda 8 kwa mstari, lita 6.9, kemshafti mbili na valvu 32. Kiwanda kilitangaza nguvu ya farasi 265, na wakati huo hakuna gari la Marekani lililoikaribia. SJ ilikuja 1932 na supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ikatangazwa kwa nguvu ya farasi 320.

Mabomba ya nje yaliingia pamoja na supachaja kwa kuwa ilichukua nafasi ndani, lakini yalipendeza mno. Wenye J ya kawaida wakayafunga kwa urembo, na mengine yamefungwa miaka mingi baada ya kiwanda kufa 1937. Supachaja nazo zimekuwa zikitengenezwa upya. Kwa hiyo bomba halithibitishi kitu, na supachaja yenyewe haithibitishi. Ushahidi uko ndani ya injini: SJ ya kiwandani ilipewa konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti) za bomba la chuma mahali pa zile za alumini. Uko pia kwenye nambari, maana ya injini huanza na J na ya fremu ni nyingine kabisa, na wajuzi wa magari haya wameandika historia ya karibu kila moja.

Kama hiyo uliyoiona ni J ya 1929 yenye injini yake, fremu yake na bodi yake ya kwanza, mimi ningeing'oa mabomba hayo na kuirudisha ilivyotoka. J tupu ni gari kubwa la kutosha.

Mbao za ndani ya mlango wa gari langu la 1933 zimeoza. Seremala anataka kubadilisha fremu yote kwa mninga. (Msomaji, Nairobi)

Mwambie asimame kwanza. Bodi za zama zile zilijengwa kwa mifupa ya mbao na ngozi ya alumini au bati juu yake, na mbao iliyopendwa ni ya mti uitwao ash, wa Ulaya na Marekani. Inapindika kwa mvuke, inashika skrubu, na inahimili mtikisiko bila kupasuka, ndiyo maana walichongea pia mipini ya mashoka. Mninga ni mbao ninayoiheshimu kwa fanicha, lakini nguzo ya mlango wa gari hutingishwa kila siku, na umbo lake limepindwa.

La pili, kuoza mara nyingi kumeanzia chini, maji yanakokusanyika. Kateni sehemu iliyooza tu, mkaunge kipande kipya kwa kiungo kirefu cha mshazari. Mbao nzima iliyobaki ni ya muunda bodi wa 1933, na mara nyingine ina nambari ya kazi iliyoandikwa kwa penseli au kugongwa. Nambari hiyo ikionekana pia nyuma ya mbao za dashibodi na chini ya viti, umepata uthibitisho kwamba bodi haijachanganywa. Seremala akitupa mbao kuukuu jalalani, ametupa hati. Zihifadhi zote hadi kazi iishe, hata zilizobaki unga nusu.

Ni kweli kuna Bugatti iliyopotea yenye thamani kuliko zote? Nikiikuta ghalani nitaijuaje? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli. Type 57SC Atlantic zilijengwa nne tu, huko Molsheim, Ufaransa, kati ya 1936 na 1938. Ya pili, chesisi 57453, ilikuwa ikitumiwa na Jean Bugatti mwenyewe, mtoto wa mwanzilishi wa kampuni, na haijaonekana tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tatu zipo. Moja kati yake, 57473, iligongwa na treni mwaka 1955, ikajengwa upya kutoka kwenye mabaki, na hadi leo wajuzi hupima kipi ndani yake ni cha kwanza na kipi si cha kwanza.

Kibati cha nambari usikiamini, mchongaji yeyote anakitengeneza. Bugatti waligonga nambari kwenye injini, giaboksi na ekseli ya nyuma, na gari zima ni lile ambalo vipande hivyo vinasimulia hadithi moja. Angalia chuma kuzunguka nambari. Kikipigwa tupa ili kugongwa upya huacha bonde dogo, na nguvu ya nyundo ya kwanza hubaki chini ya uso, hivyo asidi ikipakwa na mjuzi inaweza kufufua nambari iliyofutwa.

Ule mshono wenye ribiti juu ya mgongo wa Atlantic nao hauthibitishi kitu, ingawa chanzo chake kinavutia. Gari la maonyesho la 1935, Aérolithe, lilivishwa aloi ya magnesiamu ambayo ni hatari kuchomelea, ikabidi kupiga ribiti. Atlantic zenyewe ni za alumini na zingeweza kuchomelewa, ila mshono ukaachwa kwa uzuri wake. Leo wanaoiga huanza na mshono huo.

Nina gari la 1930 lenye rangi yake ya kwanza, imepasukapasuka. Nilipake? Na petroli ya siku hizi italiua? (Msomaji, Leicester)

Usilipake. Rangi ya kwanza haina spea. Mwaka 2024, kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California, tuzo kuu ilichukuliwa na Bugatti Type 59 Sports ya 1934, iliyokuwa ya Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji, ikiwa na rangi yake iliyochakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari lisilokarabatiwa kushinda pale. Nilifurahi sana, kwa sababu kwa miaka mingi majaji waliwapa ushindi waliong'arisha magari kupita yalivyotoka kiwandani. Lioshe kwa maji kidogo, zuia kutu, liendeshe.

Petroli isiyo na risasi isikutie hofu. Risasi ilianza kuuzwa ndani ya petroli 1923 huko Marekani, na injini nyingi za zama zako ziliundwa bila kuitegemea. Cha kuangalia ni ethanoli. Kabureta nyingi za wakati huo zina maboya ya gome lile jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, yamepakwa vanishi ya shelaki, na ethanoli huyeyusha shelaki. Boya likinywa petroli huzama, na kabureta hufurika. Litoe ulipake vanishi inayohimili ethanoli. Ukiamua kuweka la shaba, pima kwanza uzito wa la asili likiwa kavu, maana kimo cha petroli ndani ya kabureta kilipangwa kwa uzito huo.