Re: Wafeministi na wa usasabaadaye (postmodernism) kwenye elimu, nawatofautishaje?

Salama mkuu? Nimeona umekwama kwenye insha ya sosholojia, unasema hawa wote wanailalamikia shule tu hivyo hujui uwatenganishe vipi. Hata mimi ilinikatia maksi sana hii, mpaka nikazoea kujiuliza kwanza: huyu anaamini kuna mfumo mmoja mkubwa unaoeleza mambo, au haamini?

Mfeministi anaamini, na mfumo wenyewe ni mfumo dume. Kwa hiyo anausaka darasani, nani anaulizwa maswali, kitabu kinamchora nani jikoni na nani maabara, nani anasukumwa fizikia, yaani ule mtaala uliojificha, mambo ambayo shule inafundisha bila kuyaandika kwenye silabasi. Ila usiwatie kapu moja bana, waliberali wanategemea sheria na fursa sawa, maradikali wanaona tatizo ni wanaume kutawala, wale wa Kimaksi wanaingiza na tabaka. Mtaje Sue Sharpe, mtafiti wa Uingereza, alihoji wasichana London miaka ya 70 wakatanguliza mapenzi na ndoa kabla ya kazi, akaja kurudia miaka ya 90 kazi imepanda juu, hapo una hoja na pingamizi lake humohumo.

Usasabaadaye ni kinyume. Lyotard, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1979 alishatilia shaka masimulizi makuu yanayojidai kueleza kila kitu, na kwa mantiki hiyo hata mfumo dume unaingia humo. Wao wanaona utofauti, watu kujichagulia kozi, kusoma mtandaoni, kurudi shule ukubwani. Wapige hapo hapo, uchaguzi gani kwa asiye na ada?